Je, Wajua? Pensheni na Kodi Kando ya Ziwa Victoria

Je, wajua kwamba mwalimu aliyestaafu akaendelea kuishi Butimba hakatwi kodi ya mapato kwenye pensheni yake? Siku mshahara unapokoma, PAYE nayo inakoma. Pensheni ya mwezi inayotoka PSSSF au NSSF huingia benki nzima, na mkupuo wa mwanzo, kile ambacho wengi bado wanakiita kiinua mgongo, huingia vivyo hivyo. Tufanye hesabu ndogo. Mstaafu anayelipwa shilingi 372,000 kwa mwezi, kama angehesabiwa kwa viwango vya mshahara, shilingi 270,000 za kwanza zisingeguswa, na zile 102,000 zinazobaki zingekatwa asilimia 8. Hiyo ni shilingi 8,160 kila mwezi, karibu shilingi laki moja kwa mwaka. Kwa mzee anayenunua dawa za presha kila mwezi, hizo si fedha za kudharau.

Unafuu wenyewe hauanzi siku ya kuagwa na kupewa godoro na baiskeli. Unaanza na mshahara wa kwanza, ila wachache wanaisoma hati yao ya mshahara kwa makini kiasi cha kuuona. Mchango wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, kisha kodi huhesabiwa kwenye kinachobaki. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. Katika sekta binafsi, chini ya NSSF, jumla ni asilimia 20 pia, na kwa kawaida kila upande hutoa 10. Chukua muuguzi wa serikali mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000. Kama kodi ingepigwa kwenye mshahara wote, angelipa 128,000. Kwa kuwa 50,000 za PSSSF zimeshatolewa, kodi inapigwa kwenye 950,000, naye analipa 115,500. Mwenzake wa kiwanda cha samaki mwenye mshahara huohuo, anayekatwa 100,000 za NSSF, analipa PAYE ya 103,000. Kwa maneno mengine, sehemu ya akiba ya uzee huwekwa na Hazina kwa kuacha kuichukua. Mwajiri anayemlipa kijana mkononi bila kumwandikisha NSSF anamnyima pensheni ya kesho na unafuu wa kodi wa leo kwa mpigo mmoja.

Je, wajua kwamba nchi tatu zinazolizunguka ziwa hili ziliwahi kutumia sheria moja ya kodi ya mapato? Tanganyika ilianza kutoza kodi hiyo mwaka 1940, na baadaye Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa chini ya sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki, hadi Tanzania ilipotunga ya kwake mwaka 1973. Iliyopo sasa ni ya mwaka 2004. Tangu njia zilipoachana, mzee wa Mwanza, wa Kisumu na wa Jinja, wanaokula sato wa maji yaleyale, wameangukia mikono mitatu tofauti.

Kwa Wakenya, kwa miaka mingi pensheni ilikuwa na mpaka: shilingi za Kenya 25,000 za kwanza kwa mwezi hazikuguswa, zilizozidi zilitozwa kodi, hadi mstaafu afikishe miaka 65 ndipo aachwe kabisa. Maana yake mtu aliyestaafu na miaka 60 alisubiri mitano mingine akikatwa. Mpaka huo uliondolewa kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024: aliyefikia umri wa kustaafu chini ya mfuko wake hatozwi kodi ya mapato kwenye mafao. Sheria hiyohiyo ilipandisha mchango unaotolewa kabla ya kodi kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 za huko kwa mwezi.

Uganda waligeuza mambo. Mfanyakazi anachangia NSSF ya kwao asilimia 5 na mwajiri 10, lakini PAYE hupigwa kwenye mshahara mzima bila kutoa mchango kwanza. Kodi inalipwa ujanani. Uzeeni pensheni haiguswi. Na tangu sheria ya Januari 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla hajastaafu. Kwa maoni yangu utaratibu wa Tanzania ni mwema zaidi kwa mfanyakazi wa kipato kidogo, kwa sababu unampunguzia mzigo akiwa bado anasomesha watoto.

Je, wajua hasa neno "kikokotoo" linahesabu nini? Wastaafu wengi hulitaja kwa uchungu, lakini ukiwauliza hesabu yenyewe wanakuonyesha karatasi iliyokunjwa yenye jibu tu. Hesabu yenyewe iko hivi. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Unauzidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Unagawanya kwa 580. Hapo umepata pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 ili iwe pensheni ya kila mwezi.

Tuseme mtumishi wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza amechangia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wake ni shilingi milioni 1 kwa mwezi, sawa na milioni 12 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ya mwaka ni kama shilingi 7,448,000. Kwa kanuni iliyoanza tarehe 1 Julai 2022, mkupuo ulikuwa asilimia 33: kama milioni 30.7. Kwa mabadiliko yaliyotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2024, walio katika kundi lake, wale waliokuwa wakipata nusu kwa mkupuo zamani, walipandishwa hadi asilimia 40: kama milioni 37.2. Asilimia 60 inayobaki ndiyo inayompa zile 372,000 na ushee kwa mwezi tulizoanza nazo hapo juu. Kundi la pili, waliokuwa wakipata robo, walipandishwa hadi asilimia 35.

Kwa nini hasira basi? Kwa sababu ya hesabu ya zamani. Mifuko ya PSPF na LAPF ilikuwa ikigawanya kwa 540, ikizidisha kwa 15.5 na kutoa nusu kwa mkupuo, tena kwa kutumia mshahara wa mwisho. Mtumishi huyohuyo, tukichukulia mshahara wake wa mwisho ni hiyo milioni 1, angeondoka na shilingi milioni 62. Pengo la zaidi ya milioni 24 ni nyumba. Ni kiwanja cha Buhongwa na tofali zake, ni boti na injini, ni ada za watoto waliobaki. Upande wa pili wa hesabu hausemwi sana: pensheni yake ya mwezi ingekuwa kama 333,000, pungufu ya ile ya sasa kwa karibu 39,000. Anayeishi miaka mingi baada ya kustaafu anarudishiwa sehemu ya pengo kidogo kidogo, lakini kwa 39,000 kwa mwezi, milioni 24 zinahitaji zaidi ya miaka 50 kurudi. Hapo ndipo malalamiko ya wazee yanapokuwa na haki, na anayewaambia kuwa hawaelewi hesabu hajaifanya mwenyewe.

Ugomvi huo una tarehe zake. PSSSF ilianza kazi tarehe 1 Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko minne: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kanuni za mwaka huo zilitaka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele nchi nzima, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, akaagiza hesabu za zamani zirudi kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Mazungumzo yakazaa kanuni ya 2022 kabla kipindi hicho hakijaisha.

Je, wajua kwamba Rock City Mall, jengo kubwa la maduka ambako vijana wa Mwanza hupiga picha jioni, limejengwa zaidi kwa michango ya watumishi wa halmashauri? Mwekezaji mkuu alikuwa LAPF, mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, kwa ubia na halmashauri za Mwanza na Ilemela. LAPF ilipoungana na wenzake mwaka 2018, sehemu yake ikawa ya PSSSF. Kwa hiyo mhasibu mstaafu wa Ilemela anayepita pale kununua sukari anatembea ndani ya akiba yake.

Na meli je? Wapo wazee wa Mwanza ambao pensheni yao ilikwama katikati ya nchi tatu. Waliajiriwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoendesha treni iliyofika Mwanza mwaka 1928 na meli za ziwani, MV Victoria ikiwemo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, injini, mabehewa na meli viligawanywa, na ikabaki hoja ya nani atawalipa wafanyakazi. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, kila nchi ikabeba wajibu wa kulipa pensheni za raia wake. Tanzania ilichukua muda mrefu. Wazee walikwenda mahakamani, hati ya makubaliano ikafikiwa mwaka 2005, na hata baada ya hapo walionekana barabarani Dar es Salaam wakidai kwamba hawajakamilishiwa. Wengi walikuwa wameshazikwa. MV Victoria yenyewe ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Meli ilitengenezeka kuliko hesabu za waliokuwa wakiiendesha.

Sasa tufike mahali ambapo kodi inamsubiri mstaafu, kwa maana pensheni kutokatwa si sawa na mzee kutokatwa.

Je, wajua kwamba kodi ya majengo unailipa kupitia umeme unaonunua? Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kuanzia Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Angalia ujumbe wa LUKU kwenye simu yako ukinunua umeme wa shilingi 10,000 mara ya kwanza katika mwezi: kuna VAT ya asilimia 18, kuna REA asilimia 3, kuna EWURA asilimia 1, na kuna makato ya jengo, ndipo zije uniti ambazo ni chache kuliko ulivyotarajia. Mzee wa Mabatini ambaye nyumba yake imebanwa kati ya mawe mawili makubwa analipa sawa na mwenye nyumba ya chini ya kifahari Capri Point, kwa sababu kiwango kimefungwa kwenye mita, thamani ya nyumba haiangaliwi. Na mpangaji wa chumba naye hukatwa, maana mita ndiyo inayotozwa. Anayekatwa kwa nyumba isiyo yake ana haki ya kupatana na mwenye nyumba amfidie kwenye kodi ya pango.

Jambo ambalo wazee wengi hawajaambiwa ni hili: sheria inasamehe nyumba moja ya makazi inayomilikiwa na kukaliwa na mtu wa miaka 60 au zaidi, au mtu mwenye ulemavu, asiye na chanzo cha mapato. Mita haijui umri wa mtu. Itaendelea kukata mpaka mwenye nyumba aombe. Mjane wa Igogo mwenye miaka 74, anayeishi kwa kuuza ndizi mbivu mlangoni na msaada wa wanawe, ni mtu ambaye msamaha huu uliandikwa kwa ajili yake, lakini anaukosa kwa kutokujua tu. Aanze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akiwa na kitambulisho chake cha taifa, namba ya mita, na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba nyumba ni yake, aelekezwe ofisi inayoshughulikia. Ningependa kuona maofisa wakigeuza utaratibu: taarifa za umri zipo NIDA, namba za mita zipo TANESCO, na mitaa inawafahamu wazee wake kwa majina. Mwenye miguu yenye nguvu ndiye amfuate mwenzake.

Mstaafu mwenye pensheni ana swali gumu zaidi: je, anahesabiwa kuwa na chanzo cha mapato? Hilo asikisie mwenyewe wala asimwachie jirani amkatie tamaa. Aliulize kwa maandishi, apate jibu la maandishi.

Wengine huchukua mkupuo wakajenga fremu mbili barabarani. Hapo pia kodi ipo: kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, na mpangaji anayefanya biashara ndiye anayepaswa kuikata na kuipeleka TRA, kisha akupe hati ya uthibitisho. Idai hati hiyo. Usipokuwa nayo unaweza kudaiwa tena kodi ambayo mpangaji ameshakukata. Anayefungua genge au kuuza dagaa kwa mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka yuko nje ya kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo. Aliyeweka fedha benki kwa amana ya muda maalumu hukatwa asilimia 10 ya riba, wakati riba ya hati fungani za serikali za muda mrefu, zile za miaka kama 20 na 25, haikatwi. Hati fungani hizo mtu huanza na shilingi milioni 1. Mstaafu anayesikiliza matangazo ya mikopo na kilimo cha miezi mitatu angelijua hili la mwisho, baadhi ya mikupuo isingeyeyuka ndani ya mwaka mmoja.

Kuna pia wana wa Mwanza waliozeekea ughaibuni. Je, wajua kwamba Marekani kodi ya pensheni inategemea umelala jimbo gani? Serikali ya shirikisho inatoza, lakini majimbo yanatofautiana. Illinois, ambako liko jiji la Chicago, linatoza mishahara na kuziacha pensheni nyingi. Pennsylvania vilevile kwa waliofikia umri wa kustaafu. Georgia linamruhusu mwenye miaka 65 na zaidi kutoa hadi dola 65,000 za mapato ya kustaafu kabla ya kuhesabiwa kodi ya jimbo. Texas na Florida hayana kodi ya mapato ya mtu binafsi hata kidogo. Na tangu sheria ya shirikisho ya Januari 1996, jimbo ulikofanyia kazi haliwezi kukufuata kwa kodi ya pensheni ukishahamia kwingine. Aliyefanya kazi California miaka 30 akastaafu Texas ameiacha kodi ya California nyuma yake.

Anayerudi nyumbani kutoka Uingereza ana kitu cha kujua kabla ya kukata tiketi. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata ukiishi Tanzania, lakini hugandishwa: kiwango cha siku ya kuanza kulipwa huku ndicho utakachopata miaka yote, wakati wenzako waliobaki kule wanaongezewa kila mwaka. Tanzania na Uingereza hazina mkataba wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili. Marekani pia haina nasi. Sweden, Norway, Denmark, Finland, Kanada, Italia, India, Afrika Kusini na Zambia wanao.

Haya yote yanawahusu waliowahi kuwa na hati ya mshahara. Pwani nzima ya ziwa, kutoka Magu hadi Muleba, wazee walio wengi walivua, walilima pamba na kufuga, na hakuna mfuko unaowadai wala wanaoudai. Katika kijiji cha Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini fedha kidogo kila mwezi, wengi wao mabibi waliobaki na wajukuu yatima baada ya UKIMWI. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 hupata Pensheni Jamii kutoka serikalini, awe aliajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini pensheni ya aina hiyo haijafika Ukerewe. Kwa mvuvi aliye na nguvu leo, mlango uliopo ni kujiandikisha NSSF kwa hiari, ambako anaweza kuchangia kwa kadiri ya msimu wake.

Na wewe uliyeajiriwa, usingoje miaka 60. Pensheni inahitaji miezi 180 ya michango iliyofika mfukoni. Mwezi ambao mwajiri alikata na hakupeleka hauhesabiki mpaka ufuatiliwe. Omba taarifa ya michango yako mwaka huu, ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, na ukiona pengo, lipeleke ofisi ya mfuko wako Mwanza ukiwa bado na nguvu za kupanda ngazi na mwajiri wako bado ana mlango wa kugongwa.